Namba Moja, Nakijwa Wawili

Tangazo lilitumwa Ijumaa jioni, jua likiwa limeshazama, na katika nyumba ile ya Hedaru jua likishazama siku ya Ijumaa kompyuta ya ukutani hufunikwa kitambaa. Ni sheria ya Bibi Nakijwa. Vipandikizi, vile vidude vya tiba, viendelee na shughuli zao humo mwilini, moyo hauna mapumziko, lakini hakuna mtu wa nyumba yake atakayesimama mbele ya ukuta kusoma matangazo siku ya Sabato.

Kwa hiyo Namkunda, mkwewe, alikuja kuliona Jumapili saa tano na dakika arobaini, alipovuta kitambaa ili aangalie kama betri za paani zimejaa vya kutosha kupiga pasi.

Alilisoma lote. Majirani zake hawakuwa na tabia hiyo. Fundi alipoifunga mashine ukutani aliwasha swichi ya masasisho ya moja kwa moja, na swichi ikakaa hivyo miaka yote kama msumari wa kalenda. Lakini Namkunda alikuwa na stashahada ya umeme wa jua, na mwalimu wake wa mwaka wa pili aliwahi kuwaonyesha picha za nyumba zilizoungua kwa sababu fundi hakusoma maandishi madogo.

*Toleo la Tisa litaingia lenyewe Jumapili saa saba kamili mchana, jua likiwa na nguvu. Kwanza, linarekebisha vipandikizi vya moyo, ambavyo katika Toleo la Nane vimekuwa vikiruka mapigo. Pili, linaunganisha kumbukumbu zilizojirudia. Kuanzia hapo: namba moja ya bima, mtu mmoja.*

Mstari wa mwisho aliusoma mara tatu. Kisha akakaa, bila kuangalia, juu ya kapu la nguo safi.

"Mama, umekalia gauni langu."

Binti yake alikuwa mlangoni, miaka saba, magoti yamejaa vumbi. Naye aliitwa Nakijwa Mbwambo. Mtoto wa kwanza wa kike hubeba jina la mama yake baba, ndivyo Wapare walivyofanya na ndivyo Namkunda alivyofanya, na tangu siku ile nyumba ikawa na mchezo wake: yeye alimwita mtoto "mama mkwe", na Bibi alimwita Namkunda "mama", kwa kuwa ndiye aliyemzaa Nakijwa.

"Mama mkwe, nenda ukacheze."

"Mama mkwe hatumwi."

"Nenda!"

Mtoto akashtuka. Mama yake alikuwa mkali wa maneno, lakini hakuwa mtu wa kupiga kelele. Akarudi nyuma taratibu, mkono kwenye ubavu, pale chini ya shati ambapo taa ndogo ya kijani ilikuwa ikiwaka na kuzima.

Taa ile ndiyo iliyokuwa uongo wa Namkunda.

Miaka mitatu nyuma mtoto aliangukia jikoni, mdomo umekauka, akinuka matunda yaliyooza. Kisukari. Foleni ya vipandikizi vya watoto ilikuwa ya miezi tisa. Bibi naye alikuwa na kisukari, na moyo mbovu juu yake, na bima yake ilimpa haki ya kubadilishiwa kipandikizi siku hiyo hiyo kikiharibika. Namkunda akaenda dirishani akasema cha Bibi kimeharibika. Karani akauliza jina la mgonjwa, akalitaja. Daktari akamuuliza mtoto, "Unaitwa nani?" Mtoto akajibu jina lilelile lililoandikwa kwenye karatasi. Foleni ilikuwa ndefu, mvua inanyesha, hakuna aliyeuliza umri.

Jioni ile, kwa mkono wake, Namkunda aliitenganisha ile namba moja ndani ya kompyuta ya nyumba. Nakijwa wa kwanza, insulini uniti ishirini na nane baada ya chakula cha mchana. Nakijwa wa pili, uniti tatu. Mashine ikakubali, na kila mashine nyingine mjini, ya shuleni, ya kanisani, ikawa inasoma kutoka hapo.

Saa saba kamili kungekuwa na Nakijwa mmoja tu, yule wa kwanza. Saa saba na nusu walikuwa na kawaida ya kula. Na baada ya kula, kidude kilichokuwa ubavuni mwa mtoto wa kilo ishirini na moja kingemwaga uniti ishirini na nane.

Alivuta menyu. Swichi ilikuwa palepale, ya kijani, imewashwa. Chini yake: *Ukizima, nyumba haitapokea marekebisho yoyote.*

Hayo ya moyo pia.

Akafungua kumbukumbu za Bibi, ambazo hakuzitazama tangu Ijumaa. Jumamosi saa nne asubuhi: pigo limekosekana, sekunde nne. Jumamosi saa tisa alasiri: sekunde tano. Leo alfajiri: sekunde sita.

Akatoka kwenda uani.

* * *

Bibi Nakijwa alikuwa uani, anachambua maharage kwenye ungo.

"Mama, jana kanisani ulianguka?"

"Nilisinzia."

"Kwa sekunde nne?"

"Mahubiri yalikuwa marefu." Bibi akatupa jiwe pembeni. "Nani kakwambia, yule jirani, mama Eliwaza? Ana mdomo kama redio."

"Ukuta umeniambia."

Bibi akaacha kuchambua. Alikuwa mwanamke mwembamba, mgongo umenyooka, aliyewahi kufundisha darasa la kwanza miaka thelathini, na alimtazama mkwewe kama alivyotazama watoto waliosimama mbele yake bila daftari.

"Sema. Lakini kaa kwanza, utaangukia maharage yangu."

Namkunda akasema yote. Hakupamba. Alipomaliza, Bibi akauliza saa.

"Saa sita kasoro kumi."

"Kwa hiyo kuna muda wa kupiga simu. Piga."

Kituo cha Masasisho kilikuwa na sauti ya mashine iliyomshukuru kwa subira yake kila dakika moja. Alizunguka sebule na simu sikioni. Aliwaza kukata umeme. Angeweza kufanya hivyo akiwa amefumba macho. Lakini vipandikizi huishi kwa amri zinazotoka ukutani. Bila umeme Bibi asingemaliza saa moja, na mtoto asingeiona kesho.

Saa sita na dakika ishirini na mbili mtu akapokea.

"Mhudumu wa zamu, Shabani Kiondo. Nikusaidie nini, mama?"

"Nina swali tu," alisema Namkunda. "Tuseme kuna nyumba ina watu wawili wamo kwenye namba moja."

"Tuseme hivyo."

"Wanatenganishwaje kabla ya saa saba?"

"Mwenye nyumba anatoa maelezo, mimi naandika. Nikishaandika, kipandikizi cha pili kinafungwa papo hapo mpaka kamati ikae. Siku kumi na nne."

"Na mgonjwa wa pili apate wapi dawa siku hizo kumi na nne?"

"Anakwenda hospitali."

"Hospitali hutoa dawa kwa namba. Hana namba."

"Watampokea akizidiwa."

"Mpaka azidiwe?"

"Ndio mwongozo, mama. Sikuutunga mimi." Akashusha sauti. "Ni mtoto?"

"Na kama nyumba hiyo ina mgonjwa wa moyo? Mapigo yanaruka, sekunde nne, tano, sita?"

"Kila mara inaongezeka?"

"Kila mara."

"Basi huyo asikose Toleo la Tisa. Tumepoteza watu kumi na mmoja tangu Jumatano. Kuna fundi wa kuweka marekebisho kwa mkono, yuko Same, ila haendi nyumba yenye utata bila maelezo kuandikwa. Mama, niandike?"

Dirishani, mtoto alikuwa anamfundisha kuku kusimama mstari.

"Hapana," alisema Namkunda, akakata.

Akampigia mumewe. Sifaeli alikuwa kazini kwenye reli mpya, kilomita mia sita kutoka hapo, na nyuma yake chuma kilikuwa kinagonga chuma. Alimsikiliza mpaka mwisho. Kisha ile kelele ya chuma ikapungua, kama vile ameingia mahali akafunga mlango.

"Huyo ni mama yangu, Namkunda."

"Najua."

"Na huyo ni mwanangu."

"Najua, Sifaeli. Nakuuliza nifanye nini."

Alimsikia akipumua. "Usiniulize mimi," alisema mumewe. "Tafadhali. Usiniulize mimi." Akaanza kulia, na Namkunda, ambaye hakuwa na dakika ya kumbembeleza, akamkatia simu mume wake mwenyewe akilia.

Saa saba kasoro robo.

* * *

Bibi aliingia akakaa kwenye stuli nyuma ya Namkunda, ungo bado mapajani.

"Unasubiri nini?"

"Nafikiri."

"Unafikiri nini, na hesabu iko wazi? Mtoto anakufa kwa hakika. Mimi nakufa labda."

"Sekunde nne, tano, sita. Hiyo si labda, Mama."

"Basi mimi nina miaka sabini na mitatu, na yeye hata meno hajamaliza kuota. Sogea nizime mwenyewe. Nyumba ni yangu."

"Hapana."

"Namkunda."

"Hapana! Ukizima wewe, mtoto atakua akijua bibi yake alijiua kwa ajili yake. Uongo niliusema mimi, dirishani, kwa mdomo wangu. Kidole kitakuwa changu."

"Basi kiweke."

Hakukiweka. Alisimama mbele ya ukuta na dakika zikapita. Mwanamke huyu ndiye aliyempokea akiwa bibi harusi asiyejua kupika makande. Ndiye aliyelala sakafuni wodini siku tatu mtoto alipozaliwa. Namkunda alijaribu kukumbuka jambo baya la Bibi, lolote la kumsaidia, akapata moja tu: alikuwa mbishi.

"Saa saba kasoro tano," alisema Bibi nyuma yake, kwa sauti ya darasani.

Akabonyeza swichi.

*Una uhakika? Nyumba laki nne zinalindwa kwa masasisho ya moja kwa moja.*

Ndiyo.

*Nyumba yako itaondolewa kwenye ulinzi. Ungependa kuahirisha badala ya kuzima? Unaweza kuahirisha kwa saa ishirini na nne.*

Akabonyeza kuahirisha. *Samahani. Sasisho hili haliahirishwi.* Mashine ikamrudisha mwanzo kabisa.

"Mshenzi wewe," aliuambia ukuta.

Una uhakika? Ndiyo. Ondolewa? Ndiyo. Mgonjwa wa moyo yumo ndani ya nyumba hii, unaelewa? Akakosea kitufe, akarudi tena. Ndiyo. Ndiyo. Naelewa.

*Weka kidole gumba hapa. Kishikilie sekunde tisini. Ukikiondoa, utaanza upya.*

Saa kwenye kona ya kioo ilikuwa saa saba kasoro dakika mbili.

Akaweka kidole. Duara likaanza kujaa, polepole, rangi nyekundu. Tisini. Themanini na tisa.

"Mama mkwe!" aliita bila kugeuza shingo. "Njoo ndani, ukae na Bibi!"

Miguu midogo ikaja mbio. Sabini na nne.

"Tunacheza nini?" mtoto akauliza.

"Mkono wa Bibi, ushike. Usiuachie."

"Bibi, mkono wako wa baridi."

"Nimeshika maji," alisema Bibi.

Hapakuwa na maji. Sitini na moja. Namkunda alitazama duara. Jasho lilikuwa linamwingia machoni na hakuthubutu kulifuta, asije akatikisa kidole. Hamsini. Arobaini na nane.

Nyuma yake maharage yakamwagika.

Aliyasikia yakigonga sakafu, mengi, yakisambaa mpaka kwenye visigino vyake. Kisha ungo. Kisha stuli. Kisha kitu kizito na laini, na mtoto akipiga yowe.

"Mama! Bibi ameanguka! Mama!"

Arobaini na mbili.

"Mama, geuka! Macho yake yako wazi!"

Mwili wake wote uligeuka isipokuwa mkono. Bega lilivutwa mpaka likauma, shingo ilikwenda nusu, na kwa pembe ya jicho aliona kanga ya Bibi sakafuni na mguu mmoja mwembamba uliovuliwa kandambili. Hatua mbili. Zilikuwa hatua mbili tu. Alijua kufufua moyo. Kila fundi umeme hufundishwa. Saa ikasoma saa saba kasoro dakika moja, sekunde za kutosha duara hili na si duara lingine.

Akarudisha uso ukutani.

"Mpige kifuani!" alipaza sauti. "Katikati! Ngumi zote mbili!"

"Siwezi kumpiga Bibi!"

"Mpige, Nakijwa!" Hakuwahi kumwita binti yake kwa jina lile tupu. "Mpige kwa nguvu!"

Pu. Ngumi ndogo. Pu. Thelathini. Mtoto analia na kupiga. Pu. Ishirini na tano. Namkunda alikuwa anahesabu hesabu mbili kichwani, ya kioo inayoshuka na ya Bibi inayopanda: ishirini na moja, ishirini na mbili, ishirini na tatu. Alijiambia ikifika thelathini atakiondoa kidole. Ikafika thelathini. Hakukiondoa. Kidole kilibaki pale, cheupe kwa kukandamizwa, kama si chake.

Kumi na mbili. Tano. Moja.

*Masasisho ya moja kwa moja yamezimwa.*

Alikuwa ameshapiga magoti juu ya maharage kabla sauti ya mashine haijamaliza. Akakandamiza kifua kile cha mifupa mara moja, mara mbili, mara tatu, na mara ya nne Bibi akavuta hewa kwa sauti ya kutisha, kama mlango wa bati.

Nje, saa ikatimia. Nyumba ya mama Eliwaza ililia kengele yake ndogo ya furaha. Kisha ya jirani yake. Kisha mtaa mzima, nyumba kwa nyumba, mpaka barabarani. Kwao palikuwa kimya.

Bibi alifumbua midomo.

"Uligeuka?"

"Hapana, Mama."

"Vizuri. Ungegeuka ningekutandika."

* * *

Shabani Kiondo alipokea mara moja. Pengine alikuwa anasubiri.

"Andika," alisema Namkunda. Alikuwa sakafuni, mgongo ukutani, kichwa cha Bibi mapajani. "Nakijwa Mbwambo, miaka sabini na mitatu. Nakijwa Mbwambo, miaka saba. Kipandikizi cha pili niliomba mimi kwa uongo, Namkunda, mkwe. Yeye hakujua."

"Alijua," alisema Bibi.

"Hakujua. Andika."

"Nikiandika siwezi kufuta, mama. Watakupeleka mahakamani. Na cha mtoto kitafungwa."

"Andika, kaka yangu."

Zikasikika herufi zikigongwa. "Nimeandika. Kimefungwa."

Namkunda alivuta shati la mtoto. Hakuwa na uhakika. Alikuwa amelifikiria tu alipokuwa akikandamiza kile kifua, kama fundi anavyofikiria nyaya. Amri ya kufunga nayo ina njia yake. Na njia ilikuwa ni ileile moja ya masasisho, aliyoizima.

Taa ikazima. Ikawaka, ya kijani. Ikazima. Ikawaka.

"Kwangu hakuna kinachoingia," alisema.

"Umezima."

"Nimezima."

"Mimi hilo sijalisikia. Simu ilikuwa inakwaruza." Akakohoa. "Fundi anaondoka Same sasa hivi na marekebisho ya moyo. Korongo limekata barabara, atazunguka. Weka mwendo wa saa moja na nusu. Mgonjwa asisimame. Mtu amshike mshipa wa mkono ahesabu, asiache. Mapigo yakikosekana ikapita sekunde kumi, kandamiza kifua."

"Nimeelewa."

"Mama. Mtoto ale kidogo tu."

Mtoto hakutaka kula. Alikuwa amekaa kwenye maharage, kamasi zimekauka mdomoni, akitazama ngumi zake kana kwamba zimefanya kosa.

"Nilimpiga sana?"

"Ulinipiga vizuri," alisema Bibi, sauti ikitoka mbali. "Njoo, mimi mdogo. Unajua kuhesabu mpaka ngapi?"

"Mia tatu."

"Basi kazi ni yako. Mama yako mikono inamtetemeka."

Namkunda akamwekea binti yake vidole viwili kwenye kifundo cha mkono wa Bibi, akavisogeza mpaka uso wa mtoto ukabadilika.

"Nimeupata! Unagonga!"

"Hesabu."

"Moja. Mbili. Tatu."

Jua lilikuwa limefika dirishani, betri zote zimejaa, na mashine ukutani ilikuwa imesimama na Toleo la Nane lake, ikilisha watu wawili kwa namba moja kama ilivyofanya miaka mitatu. Namkunda alisikiliza kwa mwili mzima. Thelathini. Sitini. Mtoto alihesabu kwa sauti ya kuimba, ile ya shuleni. Tisini. Mia moja na kumi. Mia moja na kumi na nane.

Sauti ikakatika.

Mtoto akainua macho. Mkono ulikuwa bado kwenye mkono, vidole viwili bado mahali pake.

"Mama," alisema polepole, "namba inayofuata haiji."

Sekunde mbili. Tatu. Namkunda alikuwa ameshaweka viganja kifuani. Tano. Sita. Macho ya Bibi yalikuwa wazi, yanamtazama, hayamlaumu, na hilo ndilo lililomtisha kuliko yote. Saba.

"Imekuja!" mtoto akapiga kelele. "Imekuja, imekuja! Mia moja na ngapi? Mama, nilikuwa nimefika ngapi?"

Hakuna aliyekumbuka. Ilikuwa saa saba na dakika kumi na tisa.

"Anza upya," alisema Bibi.

"Moja," alisema Nakijwa.